Mji Usio na Minara

Katika miji mikubwa ya Ulaya iko desturi moja ambayo huenda umeisoma vitabuni au umeiona katika picha. Asubuhi, wageni kumi au ishirini wasiojuana hukutana katika uwanja wa kale. Hutokea mtu mmoja ameinua mwavuli wa rangi juu ya kichwa chake ili asipotee machoni mwao, na kwa muda wa saa mbili huwaongoza kwa miguu katika vichochoro vya mawe. Hapa husimama akawaonyesha kanisa lililojengwa miaka mia saba iliyopita. Pale akawaonyesha nyumba ya mshairi, au daraja la mfalme, au, kama mji ni Prague, saa ya mnara iliyowekwa mwaka 1410 na ambayo hata leo huwakusanya watu chini yake kila igongapo. Wageni hutazama juu mpaka shingo zikawauma, kisha hurudi kwao wakiwa na mengi ya kusimulia.

Kijana wa Kakamega atazamapo picha hizo, kisha akainua macho na kuuona mji wake, maduka ya saruji na mabati, steji ya matatu, bodaboda zilizojipanga kando ya soko, na akina mama wauzao ndizi chini ya miavuli iliyopauka, aghalabu husema neno moja: "Kwetu hakuna kitu cha kutazamwa." Nimelisikia neno hili kwa watoto wenye akili njema na kwa watu wazima wenye vyeo, na kila nilisikiapo hunitia wasiwasi. Ni neno dogo, lakini ndani yake mna hukumu juu ya watu wote waliopata kuishi mahali hapa. Yule aaminiye kwamba atokako hakuna kitu huuza cha kwao kwa bei ya kitu kisicho kitu. Basi, msomaji, nakuomba tulipime neno hili pamoja, kama mchimbaji apimavyo kipande kwenye mizani kabla ya kukiita dhahabu au kukitupa.

Twajiuliza kwanza: ni nini hasa kifanyacho mahali paitwe pa kale, pakastahili kuheshimiwa? Jibu la haraka ni mawe. Mawe yana umri, na umri huleta heshima, kama mvi kichwani. Lakini jibu hili halivumilii safari moja tu ya kwenda Warsaw, mji mkuu wa Poland. Huko iko sehemu iitwayo Mji wa Kale, yenye nyumba nyembamba za rangi na uwanja wa soko, na wageni huongozwa humo kila siku. Mwaka 1944, baada ya wenyeji kuasi utawala wa Kijerumani, majeshi ya Hitler yaliuharibu mji ule kwa makusudi, nyumba baada ya nyumba, hata zaidi ya asilimia 85 ya sehemu ile ya kale ikawa kifusi. Vita vilipokwisha, watu wa Warsaw walirudi wakajenga tena. Walitumia michoro ya wasanifu, na picha ambazo msanii Bernardo Bellotto aliuchora mji huo katika karne ya 18. Uwanja wa soko ulikuwa tayari mwaka 1953, na ngome ya kifalme ilifunguliwa mwaka 1984. Kuta nyingi za mji huo wa kale, kwa hiyo, ni changa kuliko Shule ya Kakamega, iliyoanzishwa mwaka 1932. Hata hivyo, mwaka 1980 Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la elimu, sayansi na utamaduni, uliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa ulimwengu wote. Je, walidanganywa? Sidhani. Walichokiheshimu pale ni ukaidi wa watu waliokataa kusahau, na ukaidi huo haupimwi kwa umri wa tofali.

Wala si lazima twende mbali. Vuka mpaka wa Busia, uingie Kampala, upande kilima cha Kasubi. Hapo Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri mwaka 1882, likawa kaburi lake na la wafalme watatu waliomfuata. Nyumba ile kubwa ilikuwa ya miti, matete na nyasi. Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, iliteketea kwa moto. Kama ukale ungekuwa katika kitu chenyewe, basi siku ile ukale ule ungekuwa jivu. Lakini Baganda waliijenga tena kwa miaka mingi, kwa taratibu zao, kwa maana wapo watu wa ukoo maalumu ambao kazi yao tangu zamani ni kuezeka nyumba ya wafalme, na elimu ya kuezeka haikuungua. Nyasi za paa hubadilishwa, mikono hurithiana.

Hapa najua utanipinga, na ni haki yako. Utasema: "Warsaw waliyachora mawe yao kabla ya kuyapoteza, na Kasubi wana ukoo wa waezekaji. Sisi tuna nini? Kumbukumbu isiyo na kitu cha kuishikilia ni kama maji yasiyo na mtungi." Pingamizi hili lina nguvu, wala sitaki kulikwepa kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba nyumba za mababu zetu zilikuwa za udongo na nyasi, na zilijengwa zikijulikana kwamba zitarudi udongoni. Ni kweli pia kwamba jambo lisiloonekana husahaulika upesi. Jawabu langu ni kukutoa nje. Tutembee, mimi na wewe, bila mwavuli wa rangi, tuone kama kweli mji huu hauna mtungi.

Tuanze katikati ya mji, karibu na ofisi za serikali. Mahali hapa palichaguliwa kuwa makao ya utawala wa wilaya mwaka 1920, Waingereza walipohamisha ofisi zao kutoka Mumias. Kabla ya hapo aliyetaka kuuona mkono wa dola alikwenda Mumias, kwa Nabongo. Baada ya hapo alikuja hapa. Tangu wakati huo ofisi zimebadili majina, za wilaya, za jimbo la Magharibi, na tangu mwaka 2013 za kaunti, lakini wananchi wameendelea kuja na bahasha zao mkononi na kungoja nje ya milango ileile, au iliyofanana nayo. Ngoja hiyo ya miaka mia moja ni historia pia, ijapokuwa hakuna aliyeichonga katika jiwe.

Hatua chache tu, twafika Bustani ya Muliro. Wapita njia hukaa hapa chini ya miti kwa kula chakula cha mchana, na wengi wao, ukiwauliza, hawatakuambia zaidi ya jina. Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 1992; alikuwa mmoja wa viongozi wa kupigania uhuru wa Kenya, na katika uzee wake, mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa waliosimama hadharani kudai vyama vingi wakati kudai hivyo kulikuwa hatari. Chuo kikuu cha mji huu nacho chaitwa kwa jina lake. Jina ni jiwe, msomaji. Ni jiwe lisilovunjika kwa mvua, lakini huvunjika kwa kutoulizwa.

Na kwa kuwa tumetaja majina, nisikilize kidogo nikupe jingine la kuchekesha. Ipo mitaa ya makazi iitwayo Kefinco. Watoto waliozaliwa huko hudhani ni neno la Kiluhya cha zamani, au la Kiingereza. Kumbe ni herufi za mwanzo za ushirikiano wa Kenya na Finland, mpango wa maji ulioanza mwaka 1981 na kuchimba visima na kulinda chemchemi katika nchi hii ya Magharibi. Wafini walikwisha kwenda zao, mpango ukafungwa, nalo jina likabaki, limevaa kofia ya wenyeji. Hivi ndivyo miji ya Ulaya ilivyopata majina yake mengi ambayo leo wageni huyapiga picha: mtu alikuja na shughuli yake, akaondoka, jina likakaa.

Lakini jina ambalo nataka tusimame mbele yake kwa muda mrefu kuliko mengine ni Rosterman. Hapo si mbali na mji; bodaboda yoyote itakufikisha. Mwaka 1931 mlowezi mmoja Mmarekani aliyeitwa Johnson aliona dhahabu katika mito ya nchi hii. Habari ilienea kama moto wa nyikani. Wakati huo ulimwengu ulikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, bei ya mahindi na kahawa imeanguka, na walowezi wengi walikuwa wamefilisika. Walikuja kwa magari, kwa pikipiki, kwa miguu, hata wakafikia karibu elfu moja, wakapiga mahema kando ya mito, wakapigilia vigingi katika mashamba ya watu. Mwenye shamba aliamka asubuhi akakuta handaki kati ya mtama wake na mlango wake. Mgodi wa Rosterman ndio uliokuwa mashuhuri kuliko yote, nao uliendelea hadi mwaka 1952.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mwongozaji mwenye mwavuli angekuwa na haja ya kuipita upesi. Mwaka 1930, mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu kuonekana, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria juu ya ardhi zilizotengewa Waafrika. Sheria ile iliahidi kwamba ardhi hizo ni zao milele. Ikasema, kama ikilazimika kuchukua kipande kwa manufaa ya umma, basi kipande kingine cha kiasi hicho kitaongezwa mahali pengine, na Baraza la Wenyeji litaulizwa kwanza. Ahadi ilikuwa bayana, imeandikwa, imepigwa muhuri. Mwezi wa Desemba 1932, dhahabu ikiwa imekwisha onekana, sheria ile ilibadilishwa kwa haraka: ardhi ya kuchimba madini iliweza kutolewa katika hifadhi bila kurudishiwa ardhi nyingine, fidia ikawa fedha, na shauri la Baraza halikuwa lazima tena. "Milele" ile ilidumu miaka miwili. Jambo hili liliwaudhi hata baadhi ya watu wa Uingereza wenyewe. Mwaka 1933 lilijadiliwa katika Bunge lao kwa maneno makali. Lakini vigingi havikung'olewa.

Naomba usinielewe vibaya. Simwandiki mchimbaji yule wa mwaka 1932 kuwa shetani. Wengi wao walikuwa maskini waliotafuta riziki, na wengi waliondoka maskini vilevile. Wala dhahabu haikuleta hasara tupu: maelfu ya vijana wa hapa walipata kazi ya mshahara karibu na nyumbani, wasilazimike kwenda katika mashamba ya mbali ya walowezi, na mshahara ule ulilipa kodi na ulilipa ada za shule. Tena hofu yenyewe ilizaa kitu. Koo zilizokuwa zikijiita Waisukha, Waidakho, Wamaragoli, Wabukusu, Wawanga na wengineo, ziliona kwamba aliyepoteza shamba Kakamega leo alikuwa dalili ya atakayelipoteza kesho kwingine. Katika miaka hiyo ya 1930 kiliundwa chama cha kutetea ardhi, na ni katika miaka hiyo hiyo jina moja la kuwakusanya wote, Abaluhya, lilianza kusikika kwa nguvu. Kwa hiyo ukijiita Mluhya, kijana, jina lako lina vumbi la Rosterman ndani yake.

Sasa fikiri kwamba wewe ndiwe mwongozaji. Wageni ishirini wamesimama mbele yako katika mahali hapa. Utawaambia nini? Waweza kusema: "Hapa walikuja mashujaa waliotafuta dhahabu katika nchi ya mbali." Waweza kusema: "Hapa palivunjwa ahadi." Yote mawili yalitokea, mahali pamoja, mwaka mmoja. Hapa ndipo matembezi yanapoacha kuwa burudani na kuwa jambo la adili. Mtu aliye hai ukimsingizia atakujibu, au atakushtaki. Aliyekufa hawezi kukusahihisha. Yule mwenye shamba aliyeamka akakuta handaki hayuko leo kukukatiza maneno. Ndiyo maana naona deni la ukweli kwa wafu ni zito kuliko deni la ukweli kwa walio hai, ijapokuwa wengi wetu hudhani kinyume chake.

Deni hili haliko Kakamega peke yake, na hapa yatubidi turudi Ulaya kidogo, maana minara ile tuliyoiona katika picha nayo ina habari zake. Katika mji wa Brussels lipo tao kubwa la ushindi, lililomalizika mwaka 1905 kwa amri ya Mfalme Leopold wa Pili. Ni zuri, sikatai. Lakini mfalme yule tangu mwaka 1885 hadi 1908 aliitawala Kongo kama mali yake binafsi, watu wakalazimishwa kukusanya mpira msituni kwa mateso yajulikanayo na ulimwengu, na faida yake ilijenga mengi ya fahari katika nchi yake. Mgeni asimamaye chini ya tao lile akiambiwa upana wake na aina ya mawe yake tu, ameonyeshwa jengo, wala hakuonyeshwa gharama. Huko Bristol, Uingereza, walisimamisha mwaka 1895 sanamu ya mfanyabiashara Edward Colston, aliyewasaidia maskini wa mji wake kwa mali ambayo sehemu yake ilitoka katika kampuni iliyosafirisha watumwa wa Kiafrika. Tarehe 7 Juni, 2020, watu waliivuta sanamu ile kwa kamba, wakaiangusha, wakaitupa bandarini. Baadaye iliopolewa, na katika makumbusho ya mji ilionyeshwa ikiwa imelala chali, na rangi ya waandamanaji ingali juu yake.

Wapo wasemao kuangusha sanamu ni kufuta historia. Wapo wasemao kuiacha imesimama ni kuwatukana wajukuu wa watumwa. Mimi naiona ile ya makumbusho, iliyolala na rangi yake, kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa imesimama, na nzuri kuliko kama ingaliachwa chini ya maji. Kwa sababu mtu aionapo huiona fadhili, biashara, na hasira, zote tatu pamoja, wala hapana mwongozaji awezaye kuficha moja. Lakini sikulazimishi ukubaliane nami. Jaribu kujadili jambo hili na mwenzako mnayetofautiana, si na yule mnayekubaliana.

Tena, haki yatutaka tujitazame na sisi. Ni rahisi kudai Bristol iseme kweli. Je, nasi tutasema kweli Mumias? Nabongo Mumia alitawala Wanga tangu mwaka 1882 hadi kufa kwake mwaka 1949. Alikuwa mwenyeji mkarimu wa misafara kutoka pwani, na mji wake ulipokea biashara, Uislamu na lugha hii ya Kiswahili ninayokuandikia, kabla ya miji mingi ya bara. Hilo lastahili kuonyeshwa kwa fahari. Lakini mwaka 1895 Waingereza walipokwenda kuwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, watu wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza, na baadaye machifu wa Kiwanga waliwekwa juu ya koo nyingine ambazo hazikuwachagua. Mjukuu wa Chetambe akitembezwa Mumias atataka kusikia na hilo. Ukimnyamazia kwa kuwa wewe ni wa Wanga, una tofauti gani na yule wa Brussels anayetaja upana wa tao?

Lakini huenda, msomaji, hoja iliyokukaa moyoni si hii. Huenda wasema: "Haya yote ni maneno ya watu walioshiba. Mji wahitaji hospitali na kazi, historia hailiwi." Sitakudharau kwa kusema hivyo. Kuhifadhi ni gharama, na kutohifadhi ni gharama pia. Unguja waulize habari za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu yake kubwa iliporomoka katika kazi ya ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Na upande mwingine uko mji wa Venice, ambao umehifadhiwa hata umekuwa kama kisanduku cha kioo. Mwaka 1951 sehemu yake ya kale ilikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Kodi za nyumba zimepanda, duka la mkate limegeuka duka la zawadi, na mwaka 2024 walianza kutoza kiingilio cha euro 5 kwa mgeni wa siku moja, katika siku zenye msongamano, kana kwamba mji ni uwanja wa mpira. Mji unaoonyeshwa tu, bila watu kuishi ndani yake kwa shida na raha zao, umekwisha kufa, hata kama minara yake imesimama wima. Kama ningelazimika kuchagua kati ya Kakamega isiyo na mnara lakini ina soko linalopiga kelele, na Venice iliyobaki na wageni peke yao, ningechagua soko. Ila sioni sababu ya kulazimishwa. Soko laweza kupiga kelele na likakumbuka.

Ushahidi wa hilo ni ngoma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, inayopigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliandikwa na shirika lile lile la Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Lakini angalia iliandikwa katika orodha ipi: orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa upesi, kwa sababu wapigaji wanazeeka na vijana wanavutwa na muziki mwingine. Hapa liko jengo letu la kale, kama tulikuwa tukilitafuta. Halina ukuta. Husimama wakati mtu anapolipiga, na likanyamaza huwa limeanguka. Na tofauti yake na kanisa la Prague ni kwamba kanisa laweza kulindwa na mlinzi mwenye funguo, mgeni kwa mji, asiyejua hata sala moja. Isukuti haiwezi kulindwa na asiyejua kuipiga. Ndiyo maana neno lile, "Kwetu hakuna kitu cha kutazamwa," halina ukweli wote wala uongo wote: mengi ya kwetu hayakutengenezwa yatazamwe. Yalitengenezwa yafanywe. Msitu wa Kakamega wenyewe, mabaki ya pekee nchini Kenya ya msitu ule mkubwa wa mvua uliopata kuenea kutoka Kongo, haukupona kwa kuwa una uzuri tu. Kwa karne nyingi wenyeji waliingia humo kutafuta dawa na kuni kwa miiko waliyoijua, kabla serikali haijauwekea mipaka mwaka 1933.

Tumalizie matembezi yetu upande wa kusini, kwenye barabara ya Kisumu, mahali paitwapo Ilesi. Kando ya barabara akina mama huuza vyungu vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono, na juu yao kilimani limesimama jiwe kubwa, lenye urefu wa kama mita 40, jiwe moja limekaa juu ya jingine mfano wa kichwa juu ya mabega. Wenyeji hulita Ikhongo Murwi. Wageni hulita jiwe linalolia, kwa sababu maji hutiririka usoni mwake na kuacha mistari. Hakuna mfalme aliyeamuru lijengwe, wala mtumwa aliyelibeba. Kila mzee ana kisa chake juu ya machozi yale, na visa havifanani. Wengine hunena habari ya msichana aliyekataliwa na babaye asiolewe na ampendaye. Wengine hulifanya ni mtu mzima anayewasikitikia watu wake. Anayesomea elimu ya miamba atakuambia habari ya maji ya mvua yanayokusanyika juu na kushuka. Sioni kwa nini uchague. Msikilize mwanajiolojia, kisha umsikilize mzee, maana mwanajiolojia utampata hata mwakani.

Kutoka hapo, ukigeuka upande wa Ikolomani, utawaona wachimbaji wa leo. Wanashuka kwa kamba katika mashimo membamba, wengine wao si wakubwa kuliko wewe kwa miaka mingi, na mara kwa mara udongo huwafunika. Dhahabu haikwisha mwaka 1952. Katika miaka ya karibuni kampuni kubwa zimerudi kupima ardhi ya Isulu na Bushiangala, mikutano imeitishwa, na neno la fidia na kuhamishwa limesikika tena katika nyumba zilezile. Katika mikutano hiyo huulizwa maswali, na anayeijua sheria ya mwaka 1930 na yaliyoipata mwaka 1932 huuliza maswali tofauti na asiyeijua.

Basi nenda Jumamosi moja, kabla mvua ya alasiri haijashuka. Chukua daftari. Ukifika Rosterman, mtafute mzee, mwamkue kwa heshima kama umwamkiavyo babu yako, kaa chini kwanza, kisha umwulize handaki la kwanza lilipita katika shamba la nani. Andika jina atakalokutajia.